Kabari Chini ya Mfano wa Kwanza

Bu Ngatini alipokosa darasa la Alhamisi kwa mara ya tatu, ujumbe wake ulikuwa uleule: samahani, nina wageni. Sisi watu wa Salatiga, huku Java, tunajuana, na kwa heshima mama tunamwita Bu, mzee Pak, kijana Mas. Mgeni wa kwanza ni mgeni kweli, wa pili tunampa nafasi ya shaka, lakini wa tatu ni jina tu la jambo ambalo mtu hataki kulitaja. Tejo, msaidizi wa mwalimu wetu, aliusoma ujumbe huo akiwa amesimama katikati ya kompyuta za darasa, na uso ukamwiva, kwa sababu alikuwa na fununu ya mgeni huyo ni nani.

Darasa lenyewe lilikuwa la bure, katika chumba cha nyuma cha maktaba ya mji, na lilifundisha Lumbung. Lumbung ni mahali pa kuandikia programu, pa watu ambao hawajawahi kuiandikia kompyuta amri hata moja. Unaandika kwa maneno ya lugha yetu, unaipa jedwali la takwimu, nayo inakuchorea mistari na kukufanyia hesabu. Mimi nilikwenda pale kwa ajili ya maziwa ya ushirika wetu wa ng'ombe, nikakaa safu ya nyuma, mahali pazuri pa kuona kila kitu na kutoulizwa chochote. Aliyeibuni Lumbung ni Pak Pranoto, mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu mpole, shati limepigwa pasi hadi kwenye ukosi. Ndani ya Lumbung kuna kurasa za msaada, na kila ukurasa una mfano ulio tayari: unaunakili kama ulivyo, unabonyeza, unaona matokeo. Mifano yote aliiandika yeye. Kila alipoalikwa kuzungumza, alisema hivyohivyo: "Anayeanza hahitaji maelezo marefu. Anahitaji mfano mmoja usiomwangusha. Na mifano yangu, tangu siku ya kwanza, hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuilalamikia."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli tupu. Hakuna aliyelalamika. Ila mifano ilikuwa mibovu.

Ubovu wenyewe ulikuwa mdogo wa kuchekesha. Mfano wa kwanza ulisema: chora mpunga. Mpunga ni jina la jedwali la mavuno ya shamba la marehemu baba yake Pak Pranoto. Alilitengeneza zamani, na kompyuta yake ikalishika tangu hapo, kwa kuwa mzee hakuwa na desturi ya kuanza upya. Jioni aliiacha kazi wazi na asubuhi aliikuta palepale. Kwake mfano uliitika kila siku. Kwenye kompyuta ya mtu mwingine yeyote jedwali hilo halikuwapo, wala hakukuwa na mstari uliosema litoke wapi. Ni kama mpishi anayekufundisha mchuzi akasahau kutaja chumvi, kwa sababu kwake imo chunguni tayari.

Utadhani ni jambo la kusema mara moja likaisha. Basi wewe hukuzaliwa Java. Pak Pranoto ndiye aliyemtoa Tejo kwenye gereji ya pikipiki akamfundisha kazi hii mpaka akawa msaidizi wake mkuu. Rukmi, msaidizi wa pili, alilelewa naye hivyohivyo. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba ukurasa wake wa kwanza una kosa, tena kosa la mwanafunzi, ni kumvua nguo hadharani. Tejo aliwahi kujaribu, kwa ile lugha yetu ya kuzunguka nyumba mara saba kabla ya kubisha hodi. Alisema, "Pak, samahani sana, kama si usumbufu, nadhani labda mfano wa kwanza ungefurahi kupata kitu kidogo hapo juu yake." Pak Pranoto alifikiri, akaitikia kwa kichwa, akaongeza mstari mtupu juu ya mfano. Kisha akamsifu Tejo kwa kuwa na jicho la urembo.

Ndipo Tejo na Rukmi wakatafuta njia ya adabu. Walitengeneza faili dogo wakalificha katika kila kompyuta ya darasa. Ukifungua tu Lumbung, faili hilo linaleta jedwali la mpunga kimyakimya, na mfano unaitika. Wao wawili waliliita kabari, kama kile kipande cha ubao unachokisukuma chini ya meza yenye mguu mfupi. Na majedwali ya kurasa nyingine nayo waliyatia humohumo. Kwa hiyo mifano ya Lumbung ilifanya kazi popote Tejo alipokwisha kupita na kabari yake, na ilikufa kwingine kote. La kuvunda halina ubani, lakini sisi ubani tunao, na hatuuonei uchungu.

"Mas Tejo," Pak Pranoto alimwambia siku ya ujumbe ule wa tatu, "hebu panda ukamwone Bu Ngatini. Mpelekee enting-enting. Yule mama ananifurahisha, anauliza maswali ya kweli. Asije akatuacha."

Enting-enting ni kashata zetu za karanga na sukari, zinazofungwa pembetatu. Tejo alinunua pakiti akapanda mlima kwa pikipiki, na yaliyotokea huko alinisimulia mwenyewe baadaye, macho chini.

Kwanza mjue kwa nini Bu Ngatini alijiandikisha. Alikuwa kiongozi wa akina mama wanaojitolea kupima watoto uzito katika kitongoji chake, upande wa mlima Merbabu. Mwaka uliopita mtoto mmoja alikonda mbele ya macho yao mwezi baada ya mwezi, na hakuna aliyegundua, maana namba zilikaa kila moja na kadi yake na hakuna aliyeziona pamoja. Mtoto aliponea chupuchupu. Bu Ngatini akaapa atajifunza kuchora mstari wa kila mtoto, ili mstari unaoteremka umpigie kelele mapema. Hakukuwa na mama mwingine aliyekubali kugusa kompyuta. Yeye akiacha, basi, wanarudi kwenye kadi na bahati.

"Karibu, Mas, karibu! Pole na mlima. Usiangalie vumbi, angalia watu."

"Asante, Bu. Pak anakusalimu sana. Anauliza wageni hawajambo?"

"Wageni? Ah. Wameondoka."

"Wameondoka lini?"

"Wanaondokaondoka hivyohivyo, Mas. Kunywa chai."

Wakaongea kuhusu mvua. Wakaongea kuhusu pilipili zilizooza kwenye miche. Kompyuta ya mpwa wake ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa kama chakula cha mtu aliyechelewa. Hatimaye Bu Ngatini akashusha pumzi.

"Mas Tejo, usinibembeleze. Mtu wa umri wangu anaweza mambo haya, au nawapotezea muda?"

"Bu, mbona unaweza? Darasani unaweza sana."

"Darasani! Ndilo linaloniumiza. Darasani naweza, nikifika hapa siwezi. Nilijiwekea Lumbung mwenyewe, nikajisifu mpaka kwa kuku. Nikafungua msaada, mfano wa kwanza, nikanakili kama ulivyo. Inaniambia mpunga haujulikani. Haujulikani, Mas! Mimi niliyezaliwa kwenye tope la mpunga!" Alicheka, na kicheko kikamkatikia njiani. "Nikarudia. Nikazima, nikawasha. Nikaenda kuoga, nikarudi nimevaa vizuri, nikasema labda inataka heshima. Wapi. Ndipo nikaelewa. Kule darasani mnanihurumia, kuna namna mnanisaidia kwa siri. Kichwa changu hakina chumba cha mambo haya, na wewe una adabu tu."

Tejo aliweka kikombe chini. Mama huyu alikuwa amegundua kila kitu, ila alikuwa amemtupia lawama mtu asiyehusika, naye ni yeye mwenyewe.

"Hebu niione," akasema. Bu Ngatini alipogeuka kuinua birika, Tejo alichomeka flashi yake, akaingiza kabari, akaichomoa. Akamwambia ajaribu tena. Bu Ngatini akanakili, akabonyeza, na mstari wa mpunga ukapanda skrini nzima.

"Imekubali! Ewe Mungu wangu, imekubali! Sasa niambie, Mas, nilikosea wapi?"

Ukweli ulikuwa kwenye ncha ya ulimi wake. Tejo aliniapia hivyo, na mimi namwamini, kwa kuwa na mimi ningefanya alivyofanya. Aliuona uso wa mwalimu wake, akaona yale makofi anayopigiwa kila anapoalikwa kuzungumza, akasema, "Labda uliacha nafasi mahali, Bu. Nafasi moja iliyozidi. Huwa inatokea."

"Nafasi!" Bu Ngatini akajipiga kofi la paji la uso. "Mjinga mimi! Nafasi tu! Na nilikwishawaambia akina mama wote kwamba msaada wa Lumbung ni kilema. Nimemsingizia mzee wa watu!"

"Si kitu, Bu."

"Ni kitu sana. Niachie mwenyewe, nitalimaliza."

Alimfungia mihogo ya kukaanga, akamsindikiza hadi barabarani, akampungia mkono kama mtoto wake. Tejo aliteremka mlima na kifurushi hicho cha moto mapajani, akaona aibu ambayo hakuwahi kuionja. Aibu tunaijua sisi, tunalelewa nayo. Aibu ya kuketi vibaya, ya kupokea kwa mkono wa kushoto. Hii ilikuwa nyingine. Mama wa watu alikuwa na haki yake mkononi, nayo ilikuwa moja tu: kwamba hakukosea. Tejo alimnyang'anya akampelekea mtu ambaye hata hakuiomba. Alisimama kando ya njia akaila mihogo yote kwa lazima, maana kuitupa aliona ni dhambi ya pili.

Alhamisi iliyofuata Bu Ngatini aliingia darasani amevaa kebaya, blauzi yetu ya sherehe, na sahani ya lemper, vipande vya wali wa kunata vilivyofungwa majani ya mgomba. Pak Pranoto alikuwapo. Kabla hatujawasha kompyuta, Bu Ngatini akasimama, mikono imekunjwa mbele.

"Pak, naomba ruhusa niseme neno."

"Sema, Bu, sema. Tulikukosa."

"Nimekuja kukuomba msamaha. Nilisema maneno mabaya juu ya kazi yako. Niliwaambia akina mama kule juu kwamba mfano wako wa kwanza ni mbovu. Kumbe mbovu ni mimi. Mas Tejo alikuja akanionyesha kosa langu. Nimekwishapita kila nyumba kusahihisha maneno yangu, ila nikaona haitoshi mpaka wewe mwenyewe usikie." Akaenda mbele, akauchukua mkono wa Pak Pranoto, akauinamia hadi ukagusa paji la uso wake.

Pak Pranoto aliguswa. Machozi yalimlengalenga kabisa. "Ah, Bu, nimekwisha kukusamehe. Kosa ni la vidole, si la mtu. Ndiyo maana nasema kila siku, mfano ukikataa, uangalie kwanza ulivyouandika."

Darasa likacheka kwa upole, na Bu Ngatini akacheka nalo, shingo imemwiva. Mimi nilimtazama Tejo. Alikuwa ameshika ukingo wa meza. Rukmi, aliyekaa karibu naye, alinyoosha mguu akamkanyaga. "Nyamaza," akamnong'oneza. "Tejo, nyamaza. Yamepita."

"Hakuacha nafasi yoyote," Tejo akasema.

"Nani?" Pak Pranoto akauliza, bado anatabasamu.

"Bu Ngatini. Hakukosea, Pak. Nilimdanganya. Mfano ndio haufanyi kazi."

Hata Bu Ngatini aliyetetewa alionekana kuogopa. Alimtazama Tejo kama mtu aliyevunja sahani msibani. Pak Pranoto akasema taratibu, "Mas Tejo, hapa unafanya kazi. Tunauona kila Alhamisi."

"Hapa kuna kitu tumeweka, Pak. Mimi na Rukmi." Akaenda kwenye kompyuta ya mbele, ile iliyoonyesha ukutani, akalifuta faili la kabari mbele yetu sote, akafunga Lumbung, akaifungua upya. Akasogea kando.

Mzee alivaa miwani. Akaketi. Akaunakili mfano wake mwenyewe, akabonyeza, na maandishi mekundu yakajitokeza ukutani, makubwa kama tangazo la msiba: mpunga haujulikani. Akakunja uso. Akafuta, akaandika upya, safari hii herufi moja moja kwa kidole kimoja. Mpunga haujulikani. Akachukua kalamu, akahesabu nafasi kwenye skrini kwa ncha yake. Akazima, akawasha. Kisha akageuka kwetu akasema, "Samahani, vidole vyangu leo."

Hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze, kwa sababu maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, jikoni kwangu, mbele ya kompyuta yangu ya hesabu za maziwa, nikidhani niko peke yangu duniani.

"Kwangu nako inasema hivyo, Pak," nikasema kutoka nyuma. Sijui nani aliniazima ujasiri.

"Na kwangu," akasema mwingine.

"Hata kwangu. Nilidhani kompyuta yangu imezeeka."

Tukaendelea hivyo, mmoja baada ya mwingine, kila mtu akitoa aibu yake ya nyumbani aliyoificha. Darasa zima! Tulikaa humo miezi yote bega kwa bega, tunagawana kashata, na kila mmoja wetu akilala na ujinga ambao haukuwa wake.

Pak Pranoto alivua miwani. "Tangu lini?" akamuuliza Tejo.

"Tangu mwanzo, Pak."

"Na wewe, Rukmi?"

Rukmi alikuwa analia. "Tangu mwanzo, Pak. Tulikuwa tunakuheshimu."

"Mlikuwa mnanifunika," mzee akasema. Hakupaza sauti, angepaza tungepumua. "Mlinifunika kama mzee aliyejikojolea, watu wasione. Nami nikaenda Semarang, nikaenda Surabaya, nikasimama mbele za watu nikasema hakuna aliyelalamika. Wakanipigia makofi. Na huko mbali, ambako Tejo hajafika na kifaili chake, ni wangapi waliojaribu mara moja wakaifunga kompyuta wakasema, mimi sina akili?" Mikono yake ilikuwa mapajani, viganja juu, na niliona aibu kumtazama nikaona aibu kutomtazama.

Kisha akainuka, akaenda hadi alipokuwa amesimama Bu Ngatini, akainama. Mwalimu wa hesabu wa nusu ya mji huu, aliyewafundisha hata madaktari wetu, akainama mbele ya mama wa kupima watoto. "Bu, nilipokea ombi la msamaha nisilostahili. Mwenye kosa ni mimi. Nisamehe."

Na Bu Ngatini, mnajua alijibu nini? "Hapana, Pak, usiseme hivyo! Kosa langu. Bila shaka na nafasi pia niliacha."

Kuna mtu alicheka akakatisha. Pak Pranoto akatikisa kichwa. "Bu, tafadhali. Ukisema hivyo tunarudi tulikotoka. Niambie ulichokiona nyumbani kwako."

"Niliona... labda kompyuta ya mpwa wangu..."

"Si kompyuta ya mpwa wako."

"Basi labda ni mvua, umeme wetu kule juu..."

"Bu Ngatini. Yule mtoto aliyekonda, watu hawakuona, au waliona wakaona haya kumwambia mama yake?"

Swali lile lilimpiga. Niliona mabega yakimshuka. Kwa muda alitazama lemper zake mezani, na nilijua jibu kabla hajalitoa, na nikajua pia kwamba hatalitoa. Walikuwa wameona. Wote walikuwa wameona.

"Niambie basi," mzee akasema kwa upole.

Bu Ngatini aliinua uso. Alishika kebaya yake kifuani. Ilimgharimu, nakwambieni, nimeona wanawake wakizaa kwa taabu pungufu ya ile. "Mfano wako, Pak," akasema, na sauti ikamtoka nyembamba, "haufanyi kazi."

"Tena, wa nyuma wasikie."

"Mfano wako haufanyi kazi, Pak!"

"Asante," Pak Pranoto akasema. Akarudi kwenye kompyuta, mbele yetu sote, akaandika ule mstari uliokosekana, wa kuleta jedwali, palepale kwenye nafasi tupu aliyoiweka kwa ajili ya urembo. Akabonyeza. Mstari wa mpunga ukapanda ukutani. Hakuna aliyepiga makofi, na nadhani tulifanya vyema. Alifuta jasho, akakaa wima kama mtu aliyemaliza kazi ngumu, akamgeukia Bu Ngatini na tabasamu dogo la kuomba nafuu.

"Na ukurasa wa pili, Bu? Ule uko sawa?"

Bu Ngatini alimtazama Tejo. Tejo alitazama sakafu.

"Huo nao haufanyi kazi, Pak," akasema, na safari hii sauti haikumtetemeka.